Kitofali Kinachodumu Ndicho Kitofali Salama

Haya ni maelezo ya afisa wa elimu ya chekechea katika kikao cha wazazi, walimu, walezi wa vituo vya kulelea watoto na mafundi seremala wa kaunti yetu. Yamechapishwa kwa manufaa ya wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.

Nashukuru kuona akina baba wengi hapa leo, kwa sababu jambo hili si la akina mama peke yao.

Tumekuja kuzungumza kuhusu vitofali vya kuchezea. Nasema vile vipande vya mbao, plastiki au kitambaa ambavyo mtoto huvishika, huvigonganisha, huvipanga kimoja juu ya kingine, halafu huvibomoa na kucheka. Huenda mtu akauliza: tuna shida ya maji, barabara na karo, vitofali vimetoka wapi? Jibu ni kwamba Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto chini ya serikali za kaunti. Lakini mtoto huingia chekechea akiwa na miaka minne hivi. Kabla ya hapo yuko nyumbani, kwa nyanya yake, au kwa mama wa jirani anayelea watoto wa mtaa mzima. Miaka hiyo ndiyo ubongo unakua kwa kasi zaidi, na ndiyo miaka ambayo kila kitu kinaingia mdomoni. Hapo wa kuchagua ni wewe.

Nina neno moja kuu leo, na mengine yote yatalizunguka hilo. Kwa mtoto mdogo, uimara wa kichezeo ni usalama kabla ya kuwa suala la kuokoa pesa. Kitofali kizima kinaweza kuwa salama kabisa. Kitofali hichohicho kikipasuka, kimekuwa kitu kingine: kipande chenye makali, au kipande kidogo cha kuziba koo, au vumbi la rangi linalolambwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa kichezeo cha mtoto, ufa hauzibwi kwa gundi. Kitofali kinaondolewa, basi.

MTOTO HUFANYA NINI NA VITOFALI

Ili uchague vizuri, jua kwanza mtoto wa umri gani atavitumia, na atavitumia vipi.

Mtoto wa miezi minne au mitano huanza kufikia kitu na kukishika. Akifika miezi sita hivi, hukihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na safari ya kitu hicho huishia mdomoni. Akiwa na miezi tisa hivi hugonganisha viwili. Huyu hapangi chochote bado. Anachohitaji ni kitu laini au chepesi, kinachooshwa, kisichoweza kumegeka akikitafuna.

Karibu na mwaka mmoja, mtoto hujifunza kuachilia kitu kwa hiari yake. Kwetu ni jambo dogo, kwake ni kazi kubwa, kwa sababu bila kuachilia huwezi kupanga. Akiwa na miezi 15 wengi huweza kuweka kimoja juu ya kingine. Miezi 18, vitatu au vinne. Miaka miwili, kama sita. Miaka mitatu, wengi hujenga mnara wa vinane au tisa, na hapo huanza kukuambia kwamba hii ni nyumba, hii ni matatu, hili ni boma la ng'ombe.

Watoto hawalingani, kwa hivyo usimpime wako kwa wa jirani kila asubuhi. Lakini ikiwa mtoto hashiki kitu vizuri kwa umri wake, au anatumia mkono mmoja tu, au haonekani kukifuata kitu kwa macho, zungumza na muuguzi wa kliniki. Beba kile kitabu cha afya ya mama na mtoto; ndani yake mna sehemu ya hatua za ukuaji. Mapema ni bora.

UKUBWA KWANZA

Kabla ya kuangalia rangi au bei, angalia ukubwa. Katika viwango vya kimataifa vya vichezeo vya watoto walio chini ya miaka mitatu, wapimaji hutumia kichupa maalumu chenye upana wa milimita 31.7. Kipande chochote kinachoingia chote ndani ya kichupa hicho huhesabiwa kuwa hatari, kwa kuwa kinaweza kuziba koo la mtoto.

Nyumbani hatuna kichupa hicho, lakini tuna karatasi ya chooni. Ile bomba ya katikati inayobaki karatasi ikiisha ina upana wa karibu sentimita 4, kwa hivyo inakupa nafasi ya ziada ya usalama. Kitu chochote kinachopita ndani yake, mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe. Weka bomba moja kwenye droo, na upime kila kichezeo kinachoingia nyumbani, pamoja na vile vya kaka na dada zake wakubwa. Vifuniko vya soda, shanga, marumaru na magurudumu ya vigari vidogo vyote hupita humo.

Kwa kitofali cha mraba, mimi napendekeza kila upande uwe kati ya sentimita 4.5 na 5. Hicho kinakaa vizuri kiganjani mwa mtoto wa mwaka mmoja, na hakimezeki. Kwa mtoto mwenye uoni hafifu au mikono isiyo na nguvu, ongeza hadi sentimita 7 au 8, na uchague rangi zinazopingana, kama nyeusi na njano. Kiwe chepesi, ili mnara ukimwangukia usimuumize.

MBAO ZA KUCHAGUA

Mbao nzuri ina mambo matatu: ngumu kiasi cha kutobonyea ikianguka sakafuni, kavu, na nyuzi zake hazichomoki kuwa vibanzi.

Hapa Pwani tuna bahati. Wachongaji wa vinyago wa Mombasa na Malindi, muhugu ulipoadimika msituni, walihamia mwembe, mjakaranda na mwarobaini. Miti hii inapandwa, na mwembe uliozeeka ukaacha kuzaa mara nyingi huishia kuwa kuni. Mwembe uliokauka vizuri hupiga randa safi na hukubali msasa. Kwa mtoto anayetafuna kila kitu, naupa mwembe na mjakaranda nafasi ya kwanza. Mwarobaini ni mgumu na wadudu hawaupendi, lakini ni mchungu, na mafuta ya mwarobaini yakinywewa na mtoto mchanga ni sumu. Kwa hivyo mbao zake ziwekee watoto wa chekechea ambao wameacha kunyonya vitu.

Mvinje tunao kwa wingi, na ni mgumu kweli, lakini una tabia ya kupasuka na kujipinda unapokauka. Fundi asikate vitofali vya mvinje mbichi hata kidogo. Mnazi una ganda gumu la nje, ila nyuzi zake hutoa vibanzi vinavyochoma kama sindano. Uache kwa kazi ya paa. Saipresi na paini za dukani ni laini. Zitabonyea, lakini zinafaa ikiwa ni kavu, hazina mafundo, na zimepigwa msasa vizuri. Hakikisha hazitoi utomvu.

Ukavu ni jambo ambalo wengi hulipuuza. Kanuni ya zamani ya maseremala ni kwamba ubao unaokaushwa kwa hewa huhitaji kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Mbao mbichi ikikatwa vitofali leo, itasinyaa, itapasuka ncha, na ule ufa ndio utakaobana kidole cha mtoto. Mbao kavu ni nyepesi kuliko inavyoonekana, na ukiigonga hutoa mlio mkavu. Mbichi hutoa mlio uliozimika, na ndani ya kata mpya utahisi ubaridi wa maji.

Kitofali kiwe kipande kimoja kizima, bila misumari na bila viungo vya gundi. Plaiwudi na mbao za unga uliogandishwa zinaonekana nadhifu dukani, lakini mate na unyevu wetu wa Pwani hupenya ukingoni, tabaka huachana au kingo huvimba na kumeguka.

MBAO ZA KUKATAA

Hapa nawaomba mafundi wanisikilize sana, kwa sababu mabaki ya mbao ni ya bure na yanavutia.

Kwanza, mbao zilizotiwa dawa ya kuzuia mchwa. Nguzo za stima na za ua zilizotibiwa, mara nyingi zikiwa na rangi ya kijani kibichi kwa mbali, hutiwa dawa ambayo huweza kuwa na shaba, kromiamu na aseniki. Aseniki ni sumu. Dawa hiyo imeingia ndani ya mbao. Kupiga randa hakuiondoi, na vumbi lake linamdhuru fundi mwenyewe. Mabaki ya nguzo hizo yasitengenezewe kichezeo, wala yasichomwe jikoni.

Pili, paleti za bandarini. Hizi ni nyingi kwetu. Kila paleti ya safari za kimataifa hugongwa muhuri. Ukiona herufi HT, maana yake ilitibiwa kwa joto. Ukiona MB, ilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi. Hiyo achana nayo. Hata yenye HT, huwezi kujua kemikali gani ilimwagikia njiani. Ikiwa na doa la mafuta au harufu kali, iache. Ushauri wangu ni kwamba kwa watoto wa chini ya miaka mitatu, paleti isitumike kabisa, kwa sababu mbao safi ya kutosha watoto wanne ni ubao mmoja tu, kama nitakavyoonyesha.

Tatu, mbao kuukuu za milango na madirisha yaliyopakwa rangi zamani. Na hilo linatuleta kwenye rangi.

RANGI NA MAFUTA

Rangi za zamani, na baadhi ya rangi za mafuta zinazouzwa hata sasa katika nchi mbalimbali, huwa na madini ya risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini ya risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Linasema pia kwamba mtoto mdogo, akimeza madini hayo, mwili wake hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mwili wa mtu mzima. Madini haya huharibu ubongo unaokua: mtoto anakuwa mzito wa kujifunza, hatulii, na uharibifu huo haurudi nyuma.

Watu wa Pwani hatuhitaji kuambiwa hadithi ya mbali. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi na watoto wao waliathiriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, aliyesimama kuwatetea, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015. Kule sumu ilitoka kiwandani. Kwenye kitofali ingetoka kwenye kopo la rangi, lakini mwili wa mtoto hautofautishi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba rangi isizidi sehemu 90 za risasi katika kila sehemu milioni. Fundi, ukinunua rangi, tafuta alama ya ubora ya KEBS na usome kwenye kopo kama imeandikwa kuwa haina risasi. Usitumie rangi ya kopo lisilo na jina, rangi ya magari, wala rangi ya alama za barabarani, hata kama uliipata bure.

Lakini jawabu rahisi zaidi ni kuacha kupaka rangi. Mbao tupu, iliyopigwa msasa hadi ikawa laini kama kijiko cha mwiko uliotumika miaka, ni nzuri kwa mtoto. Ukitaka kuikinga na maji, chukua mafuta ya nazi na nta safi ya nyuki, viyeyushe pamoja kwa moto mdogo, sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu au nne za mafuta. Pakaa kwa kitambaa, acha usiku kucha, kisha futa iliyozidi. Rudia kila baada ya miezi michache. Usitumie mafuta ya karanga au ya korosho, kwa sababu wapo watoto ambao miili yao huyakataa vibaya. Na usipake vanishi ya samani. Mtoto ataimega kwa meno.

PLASTIKI, MITUMBA NA VYENYE SUMAKU

Plastiki si adui. Plastiki nzuri haiozi, huoshwa kwa maji moto na sabuni, na hudumu kwa watoto wengi. Tatizo ni ile nyembamba inayolia kama kikombe cha mtindi ukiibonyeza. Hiyo ikikanyagwa hupasuka kama kioo. Ukiwa dukani, bonyeza kwa kidole gumba katikati ya upande mpana. Ikizama na kuacha mstari mweupe, iache. Inuse pia. Plastiki yenye harufu kali ya kemikali haifai kuwa mdomoni. Na jua letu ni adui wa plastiki: kitofali kilichoachwa uani miezi mingi hukauka na kumeguka, hata kama kilinunuliwa kwa bei kubwa.

Soko la mitumba, kama Kongowea, lina vitofali vizuri sana kwa bei ya chini, kwa kuwa vingi vilitengenezwa imara tangu mwanzo. Nunua bila aibu, lakini chagua kimoja kimoja. Vya plastiki nzito visivyo na ufa, chukua. Vya mbao vyenye rangi iliyoanza kubanduka, viache hata kama vinavutia, kwa kuwa huwezi kujua rangi ile ni ya mwaka gani. Ukifika nyumbani, vioshe vyote kabla mtoto hajavigusa.

Vitofali vya sponji vinaonekana salama kwa sababu ni laini. Kwa mtoto mwenye meno si salama. Humega vipande na kuvimeza. Na vile vyenye sumaku ndani, ndugu zangu, muwe navyo makini mno. Sumaku mbili zikimezwa hushikana tumboni kupitia kuta za matumbo na kuyatoboa. Vinavyowaka taa huwa na betri ndogo za duara kama sarafu, ambazo zikikwama kooni huunguza kwa saa chache. Mtoto mdogo hahitaji taa wala sumaku ili afurahie mnara.

Kwa kichezeo kipya cha dukani, angalia alama ya KEBS. Chini ya alama kuna nambari ya kibali. Unaweza kuituma kwa ujumbe mfupi kwenda 20023, ukianza na herufi SM na alama ya #, kisha nambari, nawe utajibiwa kama kibali ni halali. Alama inaweza kubandikwa na tapeli. Nambari ndiyo shahidi.

VITAMBAA NA VIFUU

Usifikiri mtoto lazima anunuliwe. Kwa wa chini ya mwaka mmoja, kitofali bora kabisa ni cha kitambaa. Kata vipande sita vya leso kuukuu au jinzi, kila kimoja sentimita 10 kwa 10, shona kwa mshono wa kurudi, halafu jaza sufi au matambara yaliyofuliwa. Shona mara mbili kila ukingo. Usijaze mchanga, mahindi wala maharagwe: mshono ukiachia, umempa mtoto kitu cha kumkaba.

Kwa wa mwaka mmoja kwenda juu, vifuu vya nazi vya ukubwa tofauti vikisuguliwa ndani na nje, na kingo zikaviringwa kwa msasa, hupangwa na huingiana. Vikombe vigumu vya plastiki vya jikoni hufanya kazi hiyohiyo. Mtoto atajifunza kikubwa na kidogo, ndani na nje, juu na chini, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama.

MAJARIBIO MATANO KABLA YA KULIPA

Haya yakumbuke, na umfundishe na jirani.

La kwanza, bomba. Kitofali kisipite ndani ya bomba la karatasi ya chooni.

La pili, kuangusha. Maabara za vichezeo huangusha kitu mara kadhaa. Wewe mwombe muuzaji ruhusa uangushe kimoja kwenye saruji mara kumi kutoka usawa wa kifua. Muuzaji anayejua mali yake hatakataa. Kikitoa ufa au kipande, rudisha vyote.

La tatu, soksi kuukuu. Pitisha soksi ya nailoni juu ya kila upande na kila kona. Ikinasa, kuna kibanzi.

La nne, kitambaa cheupe. Kilowanishe, sugua kitofali kwa nguvu mpaka uhesabu hamsini. Rangi ikibaki kwenye kitambaa, itabaki pia kwenye ulimi.

La tano, ukucha. Kwaruza ukingo wa rangi. Ikibanduka kwa ukucha, itabanduka kwa jino.

Jaribio la nne na la tano hayakuambii kama rangi ina risasi. Yanakuambia kama rangi inatoka. Ndiyo sababu nimesema mbao tupu ni bora.

HESABU YA FUNDI

Chukua ubao mmoja wa inchi 2 kwa 2, urefu wa futi 8. Huo ni kama sentimita 244. Ukipigwa randa pande zote nne, unabaki na unene wa karibu sentimita 4.5. Msumeno hula kama milimita 3 kila ukikata. Kwa hivyo kila kitofali kinachukua sentimita 4.8, na ubao mmoja unatoa vitofali 50. Tuseme kumi vina mafundo na nyufa, uvitupe. Umebaki na 40. Mtoto wa chini ya miaka miwili anatosheka na kumi. Ubao mmoja, watoto wanne.

Akina mama wa chama, mkiwa wanne mkachanga ubao mmoja na kumlipa fundi kazi ya nusu siku, mmemaliza. Fundi, kazi yako kubwa haipo kwenye msumeno. Ipo kwenye msasa: kila ukingo uviringwe, na kila kona iwe duara.

Kwa walimu wa chekechea, ambao watoto wao ni wakubwa kidogo, kuna kipimo cha zamani kinachofaa. Friedrich Froebel, mwalimu wa Ujerumani aliyefungua mwaka 1837 huko Bad Blankenburg kituo ambacho baadaye alikiita bustani ya watoto, aliwapa watoto mchemraba uliogawanywa vipande 8 vilivyo sawa, ili waone sehemu na kitu kizima. Caroline Pratt, aliyefungua shule New York mwaka 1914, alibuni vitofali ambavyo urefu ni mara 2 ya upana, na upana ni mara 2 ya unene. Kwa vipimo vyetu, sentimita 14 kwa 7 kwa 3.5. Tengenezeni pia vya nusu, 7 kwa 7 kwa 3.5, na vya urefu maradufu, 28 kwa 7 kwa 3.5. Mtoto atagundua mwenyewe kwamba viwili vya nusu ni sawa na kimoja kizima, kabla hujaandika sehemu yoyote ubaoni. Lakini hesabu hiyo inakubali tu ikiwa fundi amekata sawasawa. Vikipishana milimita tatu, mnara unaanguka na somo limeanguka nao.

Kamati za wazazi zinaponunua vifaa vya kituo, msinunue kwa picha. Andikeni aina ya mbao, vipimo, kwamba ni kavu, kwamba kingo zimeviringwa. Ombeni sampuli, ifanyieni majaribio matano mbele ya wote, kisha muiweke ofisini. Mzigo ukifika, ulinganishwe na sampuli hiyo kabla ya malipo. Hiyo ni pesa ya umma na ni haki yenu kuuliza.

KUTUNZA NA KUTUPA

Vya plastiki, osha kwa maji moto na sabuni mara moja kwa wiki, na kila mtoto akiugua. Vya mbao, usiviloweke. Futa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, futa tena kwa maji safi, uvikaushe kivulini penye upepo. Jua kali hupasua mbao. Vya kitambaa, fua na uanike juani mpaka vikauke hadi ndani.

Kila Jumamosi, au siku yoyote mtakayochagua, vikagueni vyote. Chenye ufa kiondoke siku hiyo. Cha mbao chenye kibanzi kinaweza kupigwa msasa tena. Cha plastiki kilichopasuka hakina matibabu, na msikitupe uani, kwa maana mtoto atakiokota.

AKIKABWA

Hata tukijihadhari, jambo linaweza kutokea. Mtoto akikohoa kwa nguvu, mwache akohoe, umkae karibu. Akishindwa kukohoa, kulia au kupumua, usingoje. Aliye chini ya mwaka mmoja, mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, ushike taya yake, umpige mara tano kwa kiganja katikati ya mabega. Kisha mgeuze, umsukume kifua katikati mara tano. Rudia. Aliyepita mwaka mmoja, muinamishe mbele umpige mgongoni mara tano, kisha simama nyuma yake umsukume tumbo mara tano, juu ya kitovu, kuelekea ndani na juu. Usichokoe mdomoni bila kuona. Utakisukuma ndani zaidi. Mwingine aite msaada na gari la kumpeleka kituo cha afya. Wahamasishaji wa afya ya jamii mliopo hapa, nawaomba mwonyeshe hatua hizi kwa vitendo katika nyumba mnazozitembelea.

MWISHO

Nimalizie kwa jambo lisilouzwa. Vitofali kumi vya mwembe vikiwa kwenye kapu, na mtu mzima yuko kwenye simu, havimfundishi mtoto kitu kikubwa. Kaa naye chini dakika kumi na tano. Weka kimoja, umwachie aweke cha pili. Taja rangi, hesabu, msifu. Akibomoa, cheka naye. Baba akirudi jioni, naye ana zamu yake. Kitofali kitadumu kwa sababu ulikichagua vizuri; mtoto atafaidika kwa sababu ulikaa naye.

Mkirudi nyumbani leo, fanyeni kitu kimoja tu: tafuteni ile bomba ya karatasi, mpime kila kilicho ndani ya kapu la mtoto. Kesho mnaweza kumwona fundi.

Sasa nakaribisha maswali, nikianza na akina nyanya waliokaa mbele, maana wao ndio wanaoshinda na watoto hawa.